Tulisema Ni Ukabila

Nianze na klipu yenyewe, kwa sababu wengi wenu mliiona na hamkujua ni mimi niliyeirekodi.

Sekunde 22. Karao amemshika kijana wa bodaboda kola, anamvuta kutoka kwa pikipiki, anamnyang'anya ufunguo. Kijana anaomba kwa Kikipsigis. Karao anajibu kwa Kiswahili: "Nyinyi watu wa huku mmezoea!" Klipu inaishia hapo. Juu yake niliandika kwamba huyu afisa anachukia watu wetu, ametoka kwao kuja kutunyanyasa kwetu. Nikaweka na jina lake la pili, lile la kwenye beji, ili kila mtu ajue ni wa kabila gani. Maze, hiyo ndiyo sehemu niliyoiona ni ya akili sana.

Nitarudi kwa hiyo klipu. Kwanza kuna stori ya zamani kidogo nataka kuwapa, na ni stori ya hapa kwetu. Sikumaliza chuo, niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo mtu asinipigie saluti ya mwanahistoria. Lakini kusoma bado ninasoma.

Mimi ni wa Fort Ternan. Watu wa Nairobi wakisikia Kericho wanaona chai tu, lakini upande wetu ni kahawa, na ukishuka kidogo kuelekea Koru unaanza kuona miwa. Tuko kwenye mpaka. Huku Wakipsigis, kule Waluo, juu Wanandi, na katikati Wakisii na Wakikuyu waliokuja kulima, kufundisha au kufungua duka. Jina lenyewe si letu, ni la kanali Mwingereza aliyeitwa Trevor Ternan. Ukienda shule ya msingi hapa, kitu cha kwanza unachoambiwa ni kwamba Louis Leakey alichimba mifupa ya nyani wa miaka milioni 14 kwenye shamba moja hapa karibu, mwaka 1961. Kitu ambacho hawakuambii ni nani aliishi nyumba iliyochomeka pale nyuma ya kanisa mwaka 2008.

Januari 2008 nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka vitu viwili. Moshi, na Mama Kerubo. Mama Kerubo alikuwa jirani, Mkisii, na alikuwa akinipa ndizi kila nikipita. Siku moja mlango wake ulikuwa wazi na ndani hakuna kitu. Nilimuuliza mama yangu Mama Kerubo ameenda wapi. Akaniambia nile chakula.

Ilichukua miaka mingi kujua ni kwa nini aliondoka wiki ile hasa na si wiki nyingine. Fujo za uchaguzi zilikuwa zimeanza mwisho wa Desemba, na Mama Kerubo alikuwa amevumilia mwezi mzima. Kilichomtoa ni risasi zilizopigwa Eldoret.

Alhamisi, Januari 31, 2008, David Kimutai Too, mbunge mpya wa Ainamoi kwa tiketi ya ODM, alipigwa risasi Eldoret na askari wa trafiki. Alikuwa mbunge wa mwezi mmoja tu. Alikuwa na polisi mwanamke, na yeye pia alipigwa risasi, akafa. Siku hiyohiyo wakubwa wa polisi walitoka na maelezo: ni mambo ya mapenzi. Yule askari alikuwa na uhusiano na yule mwanamke, akashikwa na wivu.

Hakuna mtu huku aliyeamini. Hata mmoja. Viongozi wa ODM walisema ni mauaji ya kupangwa, ili chama kipunguziwe wabunge. Halafu jina la askari likatoka, na watu wakasikia ni jina la Kikisii. Basi, kesi ikaisha hapo, kabla hata mwili haujafika mochari ya nyumbani. Karao Mkisii, wa serikali ya Kibaki, amemuua mheshimiwa wetu kwa sababu sisi ni sisi.

Sasa, kabla hujawacheka wazee wetu, jiweke pale. Siku mbili tu nyuma, Januari 29, mbunge mwingine wa ODM, Mugabe Were wa Embakasi, alikuwa ameuawa kwa risasi mbele ya geti lake Nairobi. Wabunge wawili wa chama kimoja kwa siku tatu. Na polisi wenyewe walikuwa wanaua. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliokufa katika zile fujo, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Huku kwetu watu walikuwa na mishale na panga. Unajua bunduki zilikuwa za nani.

Na haikuanza 2008. Vita vya ardhi vya 1991 vilianza Oktoba 29 kwenye shamba la Meteitei, Tinderet, si mbali na hapa. Wazee wa pande zote mbili wanakumbuka polisi wakisimama kando kuangalia nyumba za watu zikichomeka. Kwa hivyo karao wa huku alikuwa na faili lake tayari, kurasa nyingi. Ukiongeza moja ya uongo, nani atajua?

Ni kama ile ya Juni 2025. Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, na polisi wakatuambia alijigonga kichwa ukutani. Daktari alipopasua mwili, akakuta majeraha ambayo ukuta hauwezi kuyafanya. Mtu anayekudanganya hivyo mara kumi, mara ya kumi na moja akikuambia ukweli utamwamini vipi? Mimi siwalaumu wazee wa Ainamoi kwa kutoamini polisi. Wasiwasi wao ulikuwa na miguu.

Shida ni kwamba safari hii polisi walikuwa wamesema ukweli. Kesi ilienda Mahakama Kuu, yule askari akatiwa hatiani, akafungwa. Hakuna mkono wa serikali uliopatikana mle ndani, hakuna orodha ya wabunge wa kuuawa, hakuna Wakisii waliokaa kikao. Mwanamume mmoja mwenye wivu na bunduki ya serikali. Alikuwa na hatia kubwa, aliua watu wawili. Lakini hatia tuliyomtwika, ile ya ukabila, haikuwa yake, na sisi hatukuishia kumtwika yeye pekee. Tuliichukua ile hatia tukaigawa kwa kila mtu mwenye jina linalofanana na lake.

Hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi kidogo, kwa sababu hii sehemu huwa haisimuliwi.

Kericho ilichomeka jioni hiyo. Wafanyakazi Wakisii kwenye mashamba ya chai, watu wa kuchuma majani, ambao hawajawahi hata kumwona yule askari, walikimbia wakajaa kwenye vituo vya polisi. Ndiyo, vituo vya polisi. Kule mpakani, Sotik na Borabu, Wakipsigis na Wakisii wakapigana siku kadhaa kwa mishale, nyumba zikachomwa pande zote mbili. Na kule Ainamoi, nyumbani kwa marehemu, umati ulivamia polisi na afisa mmoja akauawa. Huyo afisa hakuwa Eldoret. Hakumpiga mtu risasi Eldoret. Alikuwa tu amevaa nguo zinazofanana.

Nilimuuliza baba yangu mdogo kuhusu siku hizo. Yeye wakati huo alikuwa na umri kama wangu sasa. Tulikuwa tumekaa nje, mwaka jana, anachonga mpini wa jembe.

"Baba mdogo, mlijuaje ni mambo ya kabila?"

"Kila mtu alijua."

"Lakini nani aliwaambia?"

Aliendelea kuchonga. Baadaye akasema walipata kwa SMS. Hakukuwa na WhatsApp. Ni SMS ilikuja, ukaituma kwa watu watano. Akaniambia alimtumia hata mtu aliyekuwa anamdai pesa. Kisha akasema, "Ile nyumba ya Mama Kerubo, mimi sikuwasha kiberiti." Sikuwa nimemuuliza kuhusu kiberiti.

Mambo mengine yalifuata ambayo hakuna mtu angeyatabiri. Siku Too alipouawa, Kofi Annan alikuwa Nairobi akijaribu kuwakalisha Kibaki na Raila mezani, na mazungumzo yakasimamishwa hadi kesho yake. Nchi nzima ilikuwa inachomeka na meza imefungwa kwa sababu ya wivu wa mtu mmoja. Halafu kiti cha Ainamoi kilibaki wazi, uchaguzi mdogo ukaitwa Juni. Juni 10, 2008, ndege ndogo iliyokuwa ikija Kericho kwa sababu ya uchaguzi huo ilianguka upande wa Narok. Ndani walikuwemo Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik. Wote wakafa. Ndani ya miezi mitano jamii moja ilikuwa imezika wabunge watatu, na bado utapata mzee leo anakuambia hiyo pia ilipangwa. Ajali ya ndege jamani.

Sasa twende Hague, kwa sababu kuna karao mwingine kwenye hii stori, na huyu alikuwa mkubwa wao wote.

Meja Jenerali Mohammed Hussein Ali alikuwa Kamishna wa Polisi. Alitolewa jeshini mwaka 2004 akaletwa kuongoza polisi, na watu wa polisi hawakulipenda hilo. Hakuwa Mkikuyu wala Mkalenjini wala Mluo, ni Msomali. Desemba 15, 2010, mwendesha mashtaka Luis Moreno-Ocampo alitaja watu sita, na yeye akiwemo. Dai lilikuwa kwamba wakati Mungiki walipowashambulia Waluo, Waluhya na Wakalenjini kule Nakuru na Naivasha mwisho wa Januari 2008, Ali alihakikisha polisi hawaingilii. Kati ya makosa aliyowekewa, kuua, kubaka, kuhamisha watu kwa nguvu, kulikuwa na moja la kutesa watu kwa sababu ya upande wao wa siasa. Hiyo kwa lugha ya mtaa ni kwamba polisi wako walichagua kabila la kulinda.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja jina lake lilikuwa kwenye kila redio. "Ocampo Sita." Januari 23, 2012, majaji wakatoa uamuzi: ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba polisi wa Kenya walishiriki kwenye yale mashambulizi ya Nakuru na Naivasha. Ali na Henry Kosgey wakaachiliwa, wale wanne wengine wakaendelea.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema, ona sasa, wamemwokoa mkubwa. Nikairudia tena polepole. Kuna kitu kwenye huo uamuzi ambacho watu wengi hawakukiona. Upande wa mashtaka ulikuwa umeleta pia habari za Kisumu na Kibera, mahali ambapo polisi walipiga watu risasi. Majaji wakasema hayo hayaingii, kwa sababu kesi ilikuwa imejengwa kuhusu Mungiki na mpango wao, na risasi za Kisumu hazikuwa za Mungiki. Elewa hapo. Ocampo alikuwa na polisi waliopiga risasi kweli. Badala ya kujenga kesi juu ya hizo risasi, akawasukuma polisi ndani ya njama ya kikabila ambayo hakuweza kuithibitisha. Njama ilipoanguka, risasi zilianguka nayo. Watu wa Kisumu hawakupata siku yao pale.

Na watu wa Naivasha pia hawakupata. Watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati. Kesi zote sita zilikuja kufa moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016. Polisi walikuwa wapi siku ile Kabati? Hilo swali lilistahili faili lake peke yake, lenye majina ya vituo, saa za simu, nani alikuwa zamu. Lilipewa hadithi kubwa badala yake.

Mtu atasema mimi natetea makarao. Ngoja.

Januari 16, 2008, mtaani Kondele, Kisumu, kamera ya KTN ilimnasa polisi akiwapiga risasi vijana wawili ambao hawakuwa na silaha. Mchana. Video ipo hadi leo na ni ngumu kuitazama. Afisa alishtakiwa. Juni 2010 akaachiliwa, kwa sababu namba ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu na namba ya bunduki aliyopewa siku hiyo hazikulingana. Namba. Hiyo kesi haikuhitaji mtu kuthibitisha kabila gani linachukia kabila gani. Ilihitaji mtu mmoja wa kuandika namba ya bunduki vizuri, na mwingine wa kuuliza ni nani aliyeibadilisha. Lakini sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa bado tunabishana kama Ainamoi ilikuwa njama. Hasira yetu yote ilikuwa kwenye ile kesi isiyokuwa na ukabila, na ile yenye video na maiti ikaisha kimyakimya kwa sababu ya tarakimu kadhaa kwenye chuma.

Ndiyo maana huwa nachoka nikiona mtu anaandika "huyu karao ni mkabila" kama ndiyo tusi kubwa zaidi. Maanake ni neno ambalo haliwezi kupimwa. Karao mwenyewe hulipenda, kwa sababu ukimwambia umemuua mtu ana kazi ya kueleza, lakini ukimwambia ana chuki anakujibu kwamba bibi yake ni wa kabila lako. Tukipiga kelele kuhusu kilicho moyoni mwake, tunaacha kuuliza kilicho kwenye kitabu cha zamu. Najua kuna maafisa wenye ukabila, nimekutana nao, na Katiba ya 2010 ilibidi iandike kabisa kwamba polisi waonyeshe sura ya nchi nzima. Lakini sema alichofanya, saa ngapi, wapi.

Haya. Klipu yangu.

Dakika kumi kabla sijatoa simu, yule kijana wa boda alikuwa amegonga mtoto wa shule akatoroka. Mtoto alivunjika mguu. Karao alimkimbiza kwa miguu hadi stage ya juu, ndiyo maana kwenye klipu anahema. Na maneno yake hayakuishia pale nilipokata. Alisema: "Nyinyi watu wa huku mmezoea kugonga na kukimbia, wale wa stage ya sokoni hawafanyi hivi." Alikuwa anaongea kuhusu stage mbili za bodaboda. Huku na kule, mita mia tatu.

Nilikuwa na sentensi yote kwenye simu. Sikuisikia vibaya. Niliikata kwa sababu ikiwa ndefu inakuwa habari ya mguu wa mtoto, na nani ataishea habari ya mguu wa mtoto?

Ndani ya siku mbili ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Kwenye komenti watu walimtafutia nyumba anapopangisha. Usiku wa tatu mabati yake yalipigwa mawe. Mke wake alikuwa na meza ya nyanya na omena sokoni, na hakuna mtu aliyempiga, hakuna aliyemtukana, watu waliacha tu kununua. Wakubwa wake hawakuuliza kitu, wakampa uhamisho ndani ya wiki, nadhani ili simu zisiendelee kulia. Yule wa boda alirudi barabarani. Familia ya mtoto ilikuwa imeandikisha ripoti kwa huyohuyo afisa. Walipoenda kufuatilia, wakaambiwa aliyekuwa na hiyo kesi alihamishwa.

Mama wa mtoto ndiye aliyenipata. Hakuwa na kelele. Alinikuta dukani akaniuliza, "Wewe ndiye mtoto wa fulani? Ndiye ulipiga ile picha?" Nikasema ndiyo, mama. Akaniuliza kama kwenye simu yangu kuna namba ya ile pikipiki, kwa sababu yule afisa alikuwa ameiandika na sasa daftari halionekani.

Namba ilikuwepo. Ilionekana kwenye sekunde nilizozikata. Lakini nilikuwa nimefuta ile ndefu ili nipate nafasi kwenye simu.

Niliposti marekebisho. Yalipata watu mia na kitu. Ile ya kwanza niliitoa kwangu, lakini ilikuwa imeshachukuliwa na kurasa nyingine, na kila karao akifanya jambo mahali fulani inarudi. Juni 2024, wakati wenzetu wanapigwa risasi nje ya Bunge, mtu aliiweka tena kama mfano wa jinsi polisi walivyo. Watu walikuwa wanakufa kweli siku ile, na yangu ya uongo ilikuwa katikati yao.

Nilipata namba ya mke wa yule afisa kupitia mwanamke aliyekuwa jirani yake sokoni. Nilipiga mara mbili haikushikwa. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: nilikuwa nani, nilifanya nini. Kisha nikatuma shilingi 3,000 kwa M-Pesa, za meza.

Zilikaa siku moja. Kesho yake jioni zikarudi zote 3,000, na yeye ndiye aliyelipia ada ya kutuma.